Vipeo na Vipeuo: Hesabu ya Vitu Vinavyoongezeka kwa Kuzidishwa

Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwezi Agosti mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Sensa iliyofuata, ya mwezi Agosti mwaka 2022, ilihesabu watu 61,741,120. Mwanafunzi akipewa namba hizi mbili na kutakiwa aeleze watu waliongezeka kwa asilimia ngapi kila mwaka, njia inayomjia upesi ni hii: idadi ya pili imeizidi ya kwanza kwa asilimia 37.4, miaka iliyopita ni kumi, basi ongezeko la kila mwaka ni asilimia 3.74. Jawabu hilo lina sura nzuri, lakini si sahihi. Takwimu rasmi zinasema ongezeko lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka.

Huenda msomaji akaona kuwa tofauti hiyo ni ndogo mno kugombaniwa. Sivyo. Anayeanza na watu wa mwaka 2012 na kuwaongeza kwa asilimia 3.74 kila mwaka, mwaka hata mwaka kwa miaka kumi, atafika kwenye watu milioni 64.9. Idadi hiyo inazidi ile iliyohesabiwa kwa watu zaidi ya milioni 3. Mpangaji wa madarasa, wa dawa za zahanati au wa akiba ya mahindi anayetegemea hesabu hiyo atakuwa anawapangia mamilioni ya watu ambao hawapo.

Kosa halikutokana na kugawanya vibaya. Limetokana na kugawanya pale ilipopasa kutafuta kipeuo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza vipeo na vipeuo ni kitu gani, kanuni zake zinatoka wapi, na jinsi zinavyolitatua swali hilo la sensa. Anayehitajika ni msomaji ajuaye kuzidisha na kugawanya, mwenye kalamu na karatasi mkononi.

Kuzidisha Kunakorudiwa

Mtoto wa shule ya msingi hujifunza mapema kwamba kujumlisha kunakorudiwa kuna njia ya mkato. Badala ya kuandika 3 + 3 + 3 + 3, huandika 4 × 3, na jawabu ni 12. Kuzidisha kunakorudiwa nako kuna njia yake ya mkato. Badala ya 3 × 3 × 3 × 3 huandikwa 3⁴, na jawabu ni 81. Namba inayozidishwa, yaani 3, huitwa kizio. Namba ndogo iandikwayo juu upande wa kulia, yaani 4, huitwa kipeo. Nayo hueleza kizio kimeandikwa mara ngapi katika zao hilo. Mtindo huu wa kuandika kipeo kwa tarakimu ndogo ulienezwa na mwanahisabati Mfaransa René Descartes katika kitabu chake cha jiometri kilichotolewa mwaka 1637.

Neno kipeo hutumika pia kwa zao lenyewe. Husemwa kwamba kipeo cha pili cha 7 ni 49, kwa kuwa 7 × 7 = 49; na kipeo cha tatu cha 2 ni 8, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Maana hizi mbili hazigongani, mradi msomaji aangalie sentensi inasema nini.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuchanganya njia hizi mbili za mkato, wakaandika kwamba 2³ ni 6. Sita ni 2 × 3, yaani 2 + 2 + 2. Lakini 2³ ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Kwa namba ndogo tofauti ni ndogo, ila kipeo kinapokua tofauti hupanuka kupita kiasi: 2 × 18 ni 36 tu, wakati 2¹⁸ ni 262,144.

Namba hiyo ya mwisho haikuchaguliwa ovyo. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akipata joto na chakula vinavyomfaa, aweza kujigawa na kuwa wawili katika muda wa dakika 20 hivi. Saa moja ina vipindi vitatu vya dakika 20. Saa sita zina vipindi 18. Kwa hiyo bakteria mmoja aliyeingia katika chakula chenye uvuguvugu asubuhi, ikiwa hakuna kinachomzuia, aweza kuwa bakteria 262,144 baada ya saa sita. Hali hiyo haiendelei milele, kwani chakula hupungua na taka huwazidi, ongezeko likasimama. Hata hivyo inaonyesha kwa nini chakula kilicholala bila kuchemshwa huwa cha hatari ghafula, ingawa saa chache kabla kilikuwa salama.

Kanuni Hutoka katika Kuhesabu

Wanafunzi wengi hukariri kanuni za vipeo kama shairi, wakazisahau siku ya mtihani. Hakuna haja ya kuzikariri kwa yule ajuaye kipeo kinahesabu nini. Mfano wa bakteria unatosha kuzieleza zote.

Bakteria mmoja baada ya vipindi vitatu huwa 2³, yaani 8. Vikipita vipindi vinne zaidi, kila mmoja wa hao nane huzaa 2⁴, yaani 16. Jumla ni 8 × 16 = 128. Lakini vipindi vyote vilivyopita ni 3 + 4 = 7, na 2⁷ ni 128. Basi:

2³ × 2⁴ = 2⁷

Kwa maneno: vizio vinavyolingana vikizidishwa, vipeo hujumlishwa. Sababu yake ni kwamba vipeo vinahesabu vipindi, na vipindi vinavyofuatana hujumlishwa.

Kugawanya ni kurudi nyuma. Ikiwa baada ya vipindi saba wapo bakteria 128, na mtu anataka kujua walikuwa wangapi vipindi vinne kabla, atagawanya kwa 2⁴:

2⁷ ÷ 2⁴ = 2³

Vizio vinavyolingana vikigawanywa, kipeo hutolewa katika kipeo. Tena, ikiwa kwa saa moja bakteria huzidishwa kwa 2³, basi kwa saa mbili huzidishwa kwa 2³ mara mbili mfululizo:

(2³)² = 2⁶

Hapa vipeo vimezidishwa, kwa sababu saa mbili zenye vipindi vitatu kila moja zina vipindi sita. Mwanafunzi aliyeelewa hili hatauliza tena ni wakati gani wa kujumlisha vipeo na wakati gani wa kuvizidisha. Atajiuliza vipindi ni vingapi.

Jambo moja halina budi kuangaliwa: kanuni hizi zahitaji kizio kiwe kimoja. Zao la 2³ × 5² haliwezi kufupishwa kwa kujumlisha 3 na 2, kwa kuwa kipeo kimoja kinahesabu mambili na kingine kinahesabu matano. Jawabu ni 8 × 25 = 200, basi.

Kipeo Sifuri na Kipeo Hasi

Swali linalowasumbua wengi ni hili: 2⁰ ni ngapi? Wapo wanaojibu kwamba ni sifuri, wakidai kuwa mbili haikuandikwa hata mara moja. Jawabu sahihi ni 1, na sababu yake ni nyepesi. Katika mfano wa bakteria, kipeo sifuri maana yake ni kwamba hakuna kipindi kilichopita. Saa ndiyo kwanza imeanza kuhesabiwa. Aliyekuwapo ni bakteria mmoja, naye bado ni mmoja. Kuzidisha kwa 2⁰ ni kuacha idadi ilivyo, na namba inayoacha idadi ilivyo katika kuzidisha ni 1. Kanuni ya kugawanya inasema vivyo hivyo: 2³ ÷ 2³ ni 8 ÷ 8, yaani 1, na kwa kutoa vipeo ni 2⁰.

Kipeo hasi nacho kinaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa sasa wapo bakteria 1,000, kipindi kimoja kijacho watakuwa 1,000 × 2¹ = 2,000. Kipindi kimoja kilichopita walikuwa nusu, yaani 500. Kurudi nyuma kipindi kimoja ni kipeo cha hasi moja:

1,000 × 2⁻¹ = 1,000 × ½ = 500

Vipindi vitatu vilivyopita walikuwa 1,000 × 2⁻³ = 1,000 × ⅛ = 125. Kipeo hasi, basi, hakifanyi namba kuwa hasi. 2⁻³ ni moja ya nane. Ni namba ndogo, lakini iko juu ya sifuri.

Kipeuo: Kurudi kwenye Kizio

Katika vipeo mtu hupewa kizio akatafuta zao. Katika vipeuo mambo hugeuka: hupewa zao, akatafuta kizio. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, kwa kuwa 7² = 49. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, kwa kuwa 2³ = 8. Alama ya kipeuo ni √, na iwapo kipeuo si cha pili, namba ndogo huandikwa kwenye alama hiyo, kama ³√8 = 2. Alama hii ilionekana mara ya kwanza katika kitabu cha aljebra cha Mjerumani Christoff Rudolff kilichochapwa mwaka 1525. Karne nyingi kabla yake, katika mji wa Baghdad, mwanachuoni al-Khwarizmi aliita namba hiyo jidhr, neno la Kiarabu lenye maana ya mzizi wa mmea: kipeo cha pili huota kutokana na mzizi wake.

Mkulima wa Tanzania anatumia kipeuo cha pili hata kama hajakisikia kwa jina. Katika vijiji vingi eka moja hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Namba hiyo ya sabini inatoka wapi? Eka moja ina yadi za eneo 4,840. Shamba la mraba lenye eneo hilo lazima liwe na upande ambao ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 4,840. Upande huo ni √4,840, yaani yadi 69.57. Hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja, na 69.57 ikikadiriwa ni 70. Kwa anayepima kwa meta, eka ina meta za eneo zipatazo 4,047, na upande wa mraba ni meta 63.6.

Sasa na achukuliwe mtu anayenunua eka mbili zilizo katika mraba mmoja. Akidhani kwamba eka mbili ni hatua 140 kwa 140, amekosea sana. 140 × 140 ni 19,600, na 70 × 70 ni 4,900. Eneo hilo ni eka nne. Anayeuza akipima hivyo atapoteza eka mbili kamili. Na anayenunua mbolea kwa kuamini shamba lake ni la eka mbili atainyima nusu ya mazao yake. Upande wa mraba wa eka mbili hupatikana kwa kuzidisha 70 kwa √2, ambayo ni 1.414. Jawabu ni hatua 99.

Kwa vitu vyenye ujazo, kipeuo kinachohusika ni cha tatu. Tangi la mchemraba lenye upande wa meta 1 huchukua lita 1,000 za maji. Shule inayohitaji tangi la lita 8,000 haihitaji upande wa meta 8. Inahitaji upande wa meta 2, kwa kuwa ³√8 = 2.

Yafaa kutaja pia habari ya alama. Namba zinazotoa 49 zikizidishwa kwa zenyewe ni mbili: 7 na -7. Wanahisabati wamepatana kwamba alama √49 isimamie ile chanya tu, yaani 7. Kwa namba hasi, kama -49, hakuna kipeuo cha pili miongoni mwa namba za kawaida, kwa sababu chanya mara chanya ni chanya, na hasi mara hasi ni chanya vilevile. Kipeuo cha tatu hakina kizuizi hicho: ³√-8 ni -2, maana -2 × -2 × -2 = -8.

Kipeo cha Nusu

Hapa vipeo na vipeuo hukutana. Bakteria 1,000 huwa 2,000 baada ya dakika 20. Je, baada ya dakika 10, ambazo ni nusu ya kipindi, wanakuwa wangapi?

Wengi hujibu 1,500, kwa kuwa ni katikati ya 1,000 na 2,000. Jawabu hilo na lipimwe. Ikiwa katika dakika 10 za kwanza idadi ilizidishwa kwa 1.5, basi katika dakika 10 za pili, kwa kuwa hali haikubadilika, itazidishwa tena kwa 1.5. Watakuwa 1,500 × 1.5 = 2,250. Lakini inajulikana kuwa wanatakiwa kuwa 2,000. Kwa hiyo 1,500 ni nyingi mno. Inayotafutwa ni namba ambayo ikizidishwa mara mbili mfululizo inatoa 2. Namba hiyo ni √2, yaani 1.414 hivi. Baada ya dakika 10 bakteria ni kama 1,414.

Ndiyo maana kipeo cha nusu ni kipeuo cha pili. Mbili yenye kipeo ½, ikizidishwa kwa mbili yenye kipeo ½, inatoa mbili yenye kipeo ½ + ½, yaani 2¹. Vivyo hivyo kipeo cha theluthi ni kipeuo cha tatu, na kipeo cha sehemu moja ya kumi ni kipeuo cha kumi. Kanuni ni ile ile iliyotumika tangu mwanzo. Vipindi tu ndivyo vilivyokatwa vipande.

Kutafuta Kipeuo kwa Mkono

Vipeuo vingi havitoki kikamilifu kama √49. Kwa √2 hakuna sehemu yoyote, wala desimali yenye mwisho, iliyo sawa nacho kabisa. Lakini kinaweza kukaribiwa kadiri mtu atakavyo, bila kikokotoo, kwa njia aliyoieleza Heron wa Alexandria nchini Misri katika karne ya kwanza.

Njia yenyewe ni hii. Mtu hukisia jawabu, tuseme 1.5. Hugawanya: 2 ÷ 1.5 = 1.3333. Mstatili wenye pande 1.5 na 1.3333 una eneo la 2, ila bado si mraba. Huchukua wastani wa pande hizo, 1.4167, na kuanza tena: 2 ÷ 1.4167 = 1.4117. Wastani wa 1.4167 na 1.4117 ni 1.4142. Kwa hatua mbili mstatili umekuwa karibu mraba kamili, na 1.4142 × 1.4142 ni 1.99996.

Watu wa kale walikuwa hodari katika jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kumehifadhiwa kibao cha udongo kutoka Babeli ya kale, nchi ambayo leo ni Iraki, kilichoandikwa takriban kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo. Juu yake umechorwa mraba na mistari yake ya kukata kona kwa kona, pamoja na namba ambayo kwa desimali za leo ni 1.414213. Kosa lililomo halifiki sehemu moja ya milioni.

Kosa la Kuvunja Jumla

Kabla ya kurudi kwenye sensa, lipo kosa moja linaloharibu kazi za wanafunzi wengi kuliko mengine yote. Ni kuandika kwamba (3 + 4)² = 3² + 4². Upande wa kushoto ni 7², yaani 49. Upande wa kulia ni 9 + 16, yaani 25. Zimepotea 24. Zimekwenda wapi?

Na uchorwe mraba wenye upande wa 7, ugawanywe kwa mistari miwili ili kila upande uwe na kipande cha 3 na kipande cha 4. Ndani yake kutaonekana mraba wa 9, mraba wa 16, na mistatili miwili ya 3 kwa 4, kila mmoja ukiwa na eneo la 12. Mistatili hiyo ndiyo 24 iliyosahauliwa. Hali kadhalika, √(9 + 16) ni √25, yaani 5, wala si 3 + 4. Vipeo na vipeuo vinapatana na kuzidisha na kugawanya. Havipatani hivyo na kujumlisha na kutoa.

Jawabu la Swali la Sensa

Sasa swali la mwanzo linaweza kujibiwa. Idadi ya mwaka 2022 ikigawanywa kwa ile ya mwaka 2012 inatoa 1.3742. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi watu walizidishwa kwa 1.3742. Tuseme kila mwaka walizidishwa kwa namba moja, k. Baada ya miaka kumi wamezidishwa kwa k mara kumi mfululizo:

k¹⁰ = 1.3742

Kumbe kinachotafutwa ni kipeuo cha kumi. Kwa kuwa 10 ni 5 × 2, k¹⁰ ni sawa na (k⁵)². Kwanza kitafutwe kipeuo cha pili kwa njia ya Heron. Kisio ni 1.2, 1.3742 ÷ 1.2 = 1.1452, wastani ni 1.1726. Tena 1.3742 ÷ 1.1726 = 1.1719, wastani ni 1.1723 hivi. Basi k⁵ = 1.1723.

Kilichobaki ni kujaribu. 1.03⁵ ni 1.1593, ni ndogo. 1.04⁵ ni 1.2167, ni kubwa. 1.032⁵ ni 1.1706, bado ni ndogo kidogo, 1.033⁵ ni 1.1763, imezidi. Kwa hiyo k ipo kati ya 1.032 na 1.033, karibu na 1.0323. Ongezeko la kila mwaka ni asilimia 3.2, sawasawa na takwimu rasmi.

Ni dhahiri sasa kwa nini kugawanya 37.4 kwa kumi kulipotosha. Kugawanya huko kungefaa kama kila mwaka ingeongezeka idadi ile ile ya watu. Lakini watu huongezeka juu ya watu waliokwisha kuongezeka. Kwa asilimia 3.23, mwaka wa kwanza uliongeza watu milioni 1.45 hivi, na mwaka wa kumi milioni 1.93 hivi, ingawa asilimia haikubadilika.

Hatua moja zaidi inafaa. Ikiwa asilimia 3.2 itaendelea, watu watakuwa maradufu baada ya muda gani? Hapa kanuni ya kujumlisha vipeo inapunguza kazi. 1.032² ni 1.0650. Ikizidishwa kwa yenyewe ni 1.032⁴, yaani 1.1343. Tena ni 1.032⁸, yaani 1.2866. Tena ni 1.032¹⁶, yaani 1.6553. Kwa kuwa 16 + 4 + 2 = 22:

1.032²² = 1.6553 × 1.1343 × 1.0650 = 2.00

Kwa muda wa miaka 22 idadi huwa maradufu. Kuanzia milioni 61.7 za mwaka 2022, kasi isipobadilika, mwaka 2044 watafika milioni 123. Hesabu hii haitabiri kwamba itakuwa hivyo, kwani kasi ya ongezeko hubadilika kutoka sensa moja hadi nyingine. Inasema tu kile ambacho asilimia 3.2 imebeba ndani yake. Mtoto aliyezaliwa wakati wa sensa hiyo, akifikisha umri wa miaka 22, atakuta kwamba penye darasa moja panahitajika mawili, na penye kisima kimoja panahitajika viwili. Asilimia tatu na ushei huonekana ndogo kwa asiyejua vipeo.

Maswali ya Kujipima

1. Fupisha kisha kokotoa: 3⁵ × 3² ÷ 3⁴.

2. Shamba la mraba lina eka 9. Kwa kutumia hatua 70 kwa 70 kwa kila eka, upande wake ni hatua ngapi?

3. Tangi la mchemraba lina upande wa meta 1.5. Likiongezwa upande uwe meta 3, litachukua maji mara ngapi zaidi ya awali?

4. Tafuta √10 kwa njia ya Heron, ukianza na kisio la 3, kwa hatua mbili.

5. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 34.4 Tanzania, na ya mwaka 2012 watu milioni 44.9. Tafuta asilimia ya ongezeko la kila mwaka katika miaka hiyo kumi, kisha uilinganishe na ile ya miaka kumi iliyofuata.

Majibu

1. Kipeo ni 5 + 2 - 4 = 3; 3³ = 27.

2. √9 = 3; upande ni 3 × 70 = hatua 210.

3. Upande umezidishwa kwa 2, ujazo umezidishwa kwa 2³. Ni mara 8.

4. Hatua ya kwanza inatoa 3.1667, ya pili 3.1623.

5. 44.9 ÷ 34.4 = 1.305, kipeuo cha kumi ni 1.027, ongezeko ni asilimia 2.7 kwa mwaka. Katika miaka kumi iliyofuata kasi ilipanda hadi asilimia 3.2.